William Herschel na Miali Isiyoonekana

Jioni, katika Wilaya za Tarime na Serengeti, mawe makubwa huendelea kuwa na joto hata jua likiisha kuzama. Sogeza kiganja chako ubavuni mwa jiwe la namna hiyo, bila kuligusa. Utasikia joto. Jiwe halitoi mwanga wowote uuonao. Je, joto hilo limekufikiaje? Aliyefungua njia ya kulielewa jambo hili ni William Herschel.

Herschel alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki, naye akaifuata kazi hiyo. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, akafundisha muziki. Usiku alitazama nyota kwa darubini alizoziunda mwenyewe, akisaidiwa na dada yake, Caroline. Mwaka 1781 aligundua sayari ya Uranus.

Mwaka 1800 Herschel alitaka kujua ni rangi ipi ya nuru ya jua iletayo joto zaidi. Aliipitisha nuru katika mche wa kioo, nayo ikatawanyika ikawa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika rangi ya zambarau, kisha kijani, kisha nyekundu. Joto lilizidi kuongezeka. Baada ya nyekundu, rangi zilikwisha. Wengi wangaliishia hapo. Herschel alikisogeza kipimajoto nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halikuona nuru. Joto likapanda kuliko hata katika wekundu! Basi akajua kwamba iko miali isiyoonekana. Leo tunaiita miali ya infraredi. Hiyo ndiyo iletayo joto la jiwe kwenye kiganja chako.

Herschel alifariki mwaka 1822. Baadaye wanakemia walitambua kwamba kila kampaundi hufyonza baadhi ya miali hiyo na kuiacha mingine ipite. Maji yana namna yake ya kufyonza, na spiriti ina yake. Kwa kuchunguza miali iliyofyonzwa, mwanakemia hukitambua kitu asichokijua, kama mfugaji atambuavyo ng'ombe wake kwa alama zao.

Nawe, mwanafunzi, usiseme hapana kitu kwa sababu tu macho yako hayakioni. Pima kwanza.

Maswali

1. Kipimajoto kilionyesha joto kubwa zaidi mahali gani?
2. Tungalikosa kujua nini kama Herschel angaliishia kwenye rangi nyekundu?