Edison na Gari la Umeme

Mtu anayesimama asubuhi na mapema katika kata ya Sekei, mjini Arusha, wakati mlima Meru unavua ukungu wake, hakosi kuyaona magari ya watalii yakianza safari za mbugani. Mengi ni Land Cruiser za dizeli, na ngurumo zake ndizo zinazowaamsha watu wa mitaa hiyo. Lakini mwaka 2018 kampuni moja ya utalii yenye makao Arusha, Mount Kilimanjaro Safari Club, ilianza kutembeza wageni Serengeti kwa gari la umeme lisilonguruma. Tulipopita Sekei hivi karibuni tuliwakuta madereva wakibishana juu ya magari ya namna hiyo. Je, wanaoyaunda watapata faida, au watakula mitaji ya watu kisha watoweke, wakimwacha dereva aliyekopa na gari lisilo na fundi wala vipuri? Na je, gari hilo litamfikia mwananchi wa kawaida, au litabaki kuwa la mgeni mwenye dola?

Swali hilo si la Arusha peke yake. Linavihusu zaidi visiwa vya Unguja na Pemba, ambako kila lita ya petroli hufika kwa chombo cha baharini. Kwa hiyo, kabla wakubwa wetu hawajalitolea uamuzi, tumeona yafaa tukumbushane maisha ya mtu aliyekabiliana nalo zaidi ya miaka 120 iliyopita, akashindwa upande mmoja na kufaulu upande mwingine. Mtu huyo ni Thomas Alva Edison.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Shule aliiona kwa miezi michache tu. Aliyemfundisha ni mama yake, ambaye zamani alikuwa mwalimu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alikuwa akiuza magazeti na peremende ndani ya treni iendayo Detroit. Masikio yake yalianza kuwa mazito tangu utotoni. Baadaye alijifunza kazi ya simu ya maandishi, na humo ndimo alimojuana na umeme.

Mwaka 1869 alipata hataza yake ya kwanza, ya mtambo wa kuhesabu kura za wabunge kwa haraka. Mtambo ulifanya kazi barabara, ila wabunge hawakuutaka, kwa kuwa haraka hiyo iliwanyima nafasi ya kushawishiana. Tangu siku hiyo Edison aliazimia kutotumia jasho lake kwa kitu kisicho na mnunuzi. Azimio hilo ndilo lililomtenga na wavumbuzi wengi wa zama zake, waliokufa maskini huku wakiwa na akili nyingi.

Mwaka 1876 alifungua karakana yake Menlo Park, jimbo la New Jersey. Mwaka uliofuata alitoa mashine ya kunasa sauti, na mwaka 1879 akaonyesha taa ya umeme iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi. Hata hivyo, alifahamu kwamba globu bila waya ni chupa tupu. Ilimpasa ajenge mitambo ya kuzalisha umeme, achimbie nyaya chini ya barabara, atengeneze mita, swichi na fyuzi. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha mtaa wa Pearl, mjini New York, kikaanza kuwapa wateja umeme. Hiyo ilikuwa takriban mwaka mmoja kabla ya Seyyid Barghash kujenga Beit al Ajaib, jumba ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Unguja kuwashwa taa za umeme.

Hapa lipo jambo tunaloomba maofisa wetu walitie maanani. Mwaka wa kwanza kila globu ilimgharimu Edison kiasi cha dola 1 na senti 10 kuitengeneza, naye akaiuza kwa senti 40. Mwaka wa pili gharama ikashuka hadi senti 70, na wa tatu hadi senti 50 hivi, lakini bei ya kuuzia haikubadilika. Kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakiongezeka, hasara nayo ikazidi kila mwaka. Mwaka wa nne alikwishapata mashine bora, gharama ikawa senti 37, na katika mwaka huo mmoja akarudisha yote aliyoyapoteza. Mtu aliyekagua daftari zake mwaka wa tatu angemshauri afunge kiwanda, na ushauri wake ungeonekana wa busara.

Si kwamba Edison hakukosea. Alishikilia aina ya umeme usioweza kusafirishwa mbali bila gharama kubwa, na mpinzani wake George Westinghouse alipoleta aina iliyofaa zaidi, Edison alitumia nguvu nyingi kuwatia watu hofu badala ya kujirekebisha. Alishindwa. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, na jina lake likaondolewa. Baadaye akatumbukiza mali nyingi katika mitambo ya kusaga mawe ya chuma, nayo ikapotea.

Akiwa ametoka katika hasara hiyo ndipo alipoligeukia gari. Mwaka 1900 magari yapatayo 4,192 yaliundwa Marekani, na kati yake 1,575 yalikuwa ya umeme. Ya petroli yalikuwa 936 tu. Gari la umeme halikuwa na moshi wala kelele, na halikuhitaji kuzungushwa hendeli iliyokuwa ikivunja mikono ya watu. Udhaifu wake ulikuwa betri ya risasi, nzito na isiyodumu. Edison alidhamiria kuunda betri ya nikeli na chuma. Alipoitoa sokoni mara ya kwanza ilivuja na kupoteza nguvu, naye akasimamisha kiwanda, akazirudisha betri zilizouzwa na kuanza upya, kwa fedha zake mwenyewe. Betri iliyomridhisha ilipatikana mwaka 1909, baada ya kazi ya miaka kumi.

Miaka hiyo kumi ilikuwa mingi mno. Henry Ford, ambaye zamani alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison huko Detroit, na ambaye Edison mwenyewe alimtia moyo mwaka 1896 aendelee na injini ya petroli, alikuwa ameshatoa gari lake la Model T mwaka 1908. Mwaka 1912 gari la petroli liliweza kupatikana kwa dola 650, hali gari la umeme liliuzwa kiasi cha dola 1,750. Mwaka huo huo Cadillac ikaleta stata ya umeme, hendeli ikaondoka, na sifa kubwa ya gari la umeme ikaondoka nayo. Mafuta yalikuwa rahisi, na vijijini umeme haukuwapo. Mwaka 1914 Edison na Ford walijaribu pamoja kuunda gari la umeme la bei nafuu. Jaribio hilo halikufika sokoni.

Lakini betri haikufa. Wachimba migodi waliitumia kwa taa zao, mashirika ya reli kwa ishara na taa za mabehewa, na wenye maduka ya mijini kwa magari ya kusambazia bidhaa, yaliyopita njia ile ile kila siku na kulala gereji usiku. Ikampa Edison faida kubwa, tena kwa miaka mingi. Kilichoshindwa kuenea kwa watu wote kilistawi mahali kilipofaa.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na hataza 1,093 za Marekani. Rais Hoover alifikiria umeme wa nchi nzima uzimwe kwa dakika moja kwa heshima yake. Ikaonekana haiwezekani, maana kuuzima hata kwa dakika moja kungeweza kuua watu. Basi wananchi wakaombwa wazime taa zao kwa hiari. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo cha kitu kilichoenea: kwamba hata aliyekileta duniani hakiwezi kusimamishwa kwa ajili ya maziko yake.

Tukirudi kwenye zama zetu, yaliyompata Edison katika globu tunayaona tena. Tesla ilianzishwa mwaka 2003, na mwaka wake wa kwanza kamili wa faida ulikuwa 2020. Nyingine hazikufika huko. Fisker ilifilisika mwaka 2024. Lakini mwaka huo huo yaliuzwa duniani magari ya umeme zaidi ya milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari matano mapya, na bei ya betri ilikuwa imeshuka hata isifike sehemu moja ya nane ya ile ya mwaka 2010. Ni dhahiri kwamba faida inawezekana kwa mwenye kupunguza gharama na mwenye pumzi ya kungoja.

Kuenea kwetu, hata hivyo, ni jambo jingine. Wananchi wetu wengi hununua magari yaliyotumika, wala si mapya. Na gari la umeme lililochoka betri ni mzigo kwa mnunuzi asiyeweza kuipima. Hatuna budi basi kuanza pale Edison alipofaulu: magari yenye njia inayojulikana na mahali pa kulala. Gari la watalii linalorejea kambini jioni, basi la mjini, bajaji, gari la hoteli ya Nungwi au Paje. Unguja haina safari ndefu ya kutisha betri.

Kinachotisha ni umeme wenyewe. Wananchi wa Unguja hawajasahau giza la tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo itokayo Ras Kiromoni hadi Fumba ilipoharibika. Kebo ya pili ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na bara limepata bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Hayo ni ya kushukuru. Lakini kabla ya kumhimiza mwananchi anunue gari la umeme, wenye dhamana wahakikishe usambazaji wa umeme hautetereki, waweke aina moja ya plagi za kuchajia, wapange namna ya kupima betri bandarini na pa kuzipeleka zikichakaa.

Dereva wa Sekei aliyetuuliza kama akope au asikope anastahili jibu la kweli. Kwa sasa tunamshauri aulize kwanza maswali matatu: gari litapita njia gani, litachajiwa wapi, na nani ataitengeneza betri siku itakapokufa. Akipata majibu yote matatu, akope. Akikosa hata moja, asubiri. Na lawama ya kusubiri kwake tusimtwike yeye.