Mbaraka Mwinshehe, Sauti ya Morogoro Iliyozimikia Mombasa

Si kawaida ya ukurasa huu kusimulia maisha ya mwanamuziki wa dansi, tena asiye Mkristo. Hata hivyo, ni vigumu kupata nyumba ya watu wazima hapa Chato ambamo jina la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka ni geni. Wanakwaya wetu wengi, wakiulizwa kwa haki, watakiri kwamba wanaujua wimbo wake uitwao Shida kuliko nyimbo kadhaa za kitabuni. Mtu aliyeingia mioyoni mwa watu kiasi hicho yafaa afahamike vema.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, katika nchi ya Pwani, lakini mji uliompa jina ni Morogoro. Mji ule ulizungukwa na mashamba ya mkonge, reli ya kati ikapita kando yake, na watu wa makabila mengi wakakutanishwa na kazi ya mshahara. Palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi ukumbi wa dansi. Bendi mbili zikaugawa mji. Moja ilikuwa Cuban Marimba, iliyoanzishwa na Salum Abdallah mwaka 1948 kwa mapenzi ya santuri zilizotoka Kuba. Nyingine ilikuwa Morogoro Jazz. Ushabiki wao ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Mwaka 1965 Salum Abdallah akafariki kwa ajali ya gari, na ni katika miaka hiyohiyo kijana Mbaraka alipoanza kung'ara katika bendi ya upande wa pili.

Alikuwa na vipaji vitatu ambavyo ni nadra kukaa kwa mtu mmoja: alitunga, aliimba, na alipiga gitaa la solo. Asikilizaye kwa makini atatambua utaratibu wake. Kwanza maneno hutolewa taratibu, kila neno likisikika wazi kama mtu anayeeleza jambo lake barazani. Kisha waimbaji hunyamaza, na gitaa hupokea masimulizi palepale yalipoachwa, hata msikilizaji hudhani bado anaambiwa jambo. Kiswahili chake kilikuwa safi. Katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajifunza kuzungumza lugha moja kutoka Kigoma hadi Lindi, wapiga dansi walifanya kazi ya ualimu ambayo hawakulipwa.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, na Mbaraka akaitungia safari hiyo wimbo. Mwaka 1973 aliiacha bendi iliyomkuza, akaunda ya kwake, Super Volcano. Kila bendi ya wakati ule ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Morogoro Jazz ilijulikana kwa Likembe na Sululu. Super Volcano ikaja na Masika.

Nimepata kusikia ikisemwa kwamba padre hapaswi kutia neno jema katika muziki wa baa. Siwezi kukubali kwa ujumla hivyo. Ni kweli kumbi zile zilikuwa na pombe na magomvi, na ndoa nyingine zilivunjikia humo. Lakini Shida ni wimbo wa mtu aliyebanwa na maisha anayeeleza uchungu wake bila kuficha, na anayesali Masifu kila siku anajua kwamba sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo ya namna hiyo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulitufundisha kuyasikiliza mahangaiko ya watu wote kuwa ni yetu pia.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ujira wake. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Redio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi, ikawalipa wanamuziki posho ndogo, nyimbo zikabaki katika kanda za redio na kupigwa nchi nzima miaka na miaka. Aliyetaka santuri yake iuzwe dukani ilimbidi avuke mpaka kwenda Kenya, kwenye makampuni ya Nairobi, na huko ndiko Shida ilikotolewa na kupata wanunuzi wengi. Mkulima wa pamba wa huku Kanda ya Ziwa anaielewa habari hii bila kufafanuliwa, maana naye amezoea kuona faida ya jasho lake ikikaa mikononi mwa wengine.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kwa hiyo Januari 1979 Mbaraka alipopata ajali ya gari Mombasa, alikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Alifariki huko, akiwa na umri wa miaka 34. Tena nchi ilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka na kuingia Kagera Oktoba iliyotangulia, na Chato, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, haikuwa mbali na njia za askari. Katika siku zile watu walikaa karibu na redio kungojea habari za vita, na kwa redio hiyohiyo wakapata na msiba huu.

Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Huku kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoleta chombo cha kukusanya mirabaha ya wasanii, ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya mtungaji wa Shida kuzikwa.