Ansel Adams, Mpiga Picha wa Milima

Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari na wavumbuzi. Mimi leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakupigana vita. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za milima, mito na mawingu, na kwa kazi hiyo jina lake likajulikana duniani kote.

Ansel Adams alizaliwa tarehe 20 Februari 1902 katika mji wa San Francisco, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minne mji ule ulipigwa na tetemeko kubwa la nchi. Mtoto alitupwa juu ya ukuta wa bustani, pua yake ikavunjika, nayo ikabaki imepinda maisha yake yote. Shuleni hakutulia hata kidogo, basi baba yake akamtoa akamfundisha nyumbani. Akiwa na miaka 12 alianza kujifunza piano mwenyewe, na kwa miaka mingi alidhani kwamba atakula jasho lake kwa muziki.

Mwaka 1916 wazazi wake walimchukua kwenda kutembea katika bonde la Yosemite, wakampa kamera ndogo ya Kodak. Ilikuwa ni sanduku tu, lenye lenzi moja isiyoweza kurekebishwa. Lakini tangu siku zile hakupita mwaka hata mmoja asirudi Yosemite. Akajiunga na Sierra Club, chama cha watu wapendao milima, na kwa miaka kadhaa katika majira ya joto alikuwa mtunza nyumba ya chama hicho bondeni.

Sasa nitakaa kidogo juu ya siku moja, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyomfanya Adams kuwa Adams. Ilikuwa tarehe 10 Aprili 1927. Alipanda mlima pamoja na rafiki zake, na kati yao alikuwako Virginia Best, ambaye alimwoa mwaka uliofuata. Alitaka kupiga picha ya Half Dome, mwamba mkubwa sana ambao upande wake mmoja umesimama wima kama ukuta. Njia ilikuwa na theluji na mawe. Mgongoni alibeba kamera kubwa, lenzi, vioo vya rangi, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na mabamba 12 ya vioo, maana siku zile wengi walipiga picha juu ya vioo vilivyopakwa dawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Njiani alipiga picha nyingi, na nyingine ziliharibika. Alipofika mahali penyewe alikuwa amebakiwa na mabamba mawili tu. Alingoja mpaka jua la alasiri lilipoanza kuugusa uso wa mwamba. Kisha akaweka mbele ya lenzi kioo cha rangi ya manjano, yaani filta, kama wapiga picha wengi walivyofanya, akapiga.

Hapa lazima nieleze kazi ya filta. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake, kama tuzionavyo katika upinde wa mvua. Katika picha nyeusi na nyeupe, anga la buluu likiachwa hivi hivi hutokea jeupe mno, hata mawingu hayaonekani vizuri. Filta ya manjano huzuia sehemu ya mwanga wa buluu, na anga likatiwa kivuli kidogo. Filta nyekundu huzuia mwanga wa buluu karibu wote, anga likawa jeusi. Hata vivuli huwa vyeusi zaidi, maana vivuli vya mlimani hupata mwanga wake kutoka katika anga la buluu. Lakini kila filta inakula mwanga, na filta nyekundu inakula mwingi sana. Kwa hiyo lenzi huachwa wazi muda mrefu zaidi.

Basi, Adams alipokwisha kupiga ile picha ya kwanza, alitambua kwamba haitakuwa kama alivyouona mwamba ule moyoni mwake. Ingeonyesha jiwe zuri chini ya anga jepesi, basi. Yeye alikuwa ameona kitu kikubwa cha kutisha. Bamba lilikuwa limebaki moja tu. Kama angekosea, jasho lote la siku ile lingepotea bure. Akaondoa filta ya manjano, akaweka nyekundu iliyoiva sana, akaiacha lenzi wazi kwa sekunde 5. Alipoisafisha picha, aliona anga jeusi, theluji ikimeta, na mwamba umesimama kama jitu. Picha hiyo inaitwa Monolith, na tangu hapo alifundisha kwamba mpiga picha lazima aione picha yake akilini kabla ya kuipiga.

Mwaka 1930 alikutana na mpiga picha Paul Strand, na baada ya kuziona kazi zake aliamua kuacha ndoto ya piano. Mwaka 1932 yeye na wenzake, akiwamo Edward Weston, waliunda kundi lililoitwa f/64. Hiyo ni namba ya tundu dogo sana la lenzi, ambalo hufanya jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote vionekane wazi.

Tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa akiendesha gari katika jimbo la New Mexico. Aliona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez, na jua la magharibi likiangaza misalaba ya makaburini. Akasimamisha gari kwa haraka. Lenzi yake ya Cooke iliweza kutenganishwa vipande, hata lenzi moja ikafanya kazi ya tatu. Akachagua kipande cha kuvuta mbali, akaweka filta ya manjano iliyokolea. Kipimo cha mwanga hakikuonekana! Lakini alijua kwa kichwa kiasi cha mwanga wa mwezi, akapiga hesabu papo hapo. Alipiga picha moja. Kabla hajapiga ya pili, jua liliiacha misalaba.

Picha zake hazikuwa za kupamba kuta tu. Zilisaidia kuwashawishi wakubwa wa Marekani kuitenga nchi ya Kings Canyon mwaka 1940 iwe hifadhi ya taifa. Mwaka 1943 aliingia Manzanar, kambi walimofungwa Wamarekani wa asili ya Kijapani wakati wa vita, akawapiga picha ili wananchi wenzake waone kwamba ni watu kama wao. Alifariki tarehe 22 Aprili 1984, na mwaka uliofuata mlima mmoja ukapewa jina lake.

Wengine watauliza: je, kulifanya anga la buluu kuwa jeusi si uongo? Mimi naona sivyo. Adams hakuusogeza mwamba wala hakuongeza theluji. Picha isiyo na rangi imekwisha kuacha mambo mengi, na mpiga picha lazima achague ni jambo gani litakalobaki.

Jambo hili latuhusu. Adams alimheshimu sana Vittorio Sella, Mwitaliano aliyepiga picha milima yetu ya Ruwenzori mwaka 1906. Sisi wa chama cha picha cha shule tunabishana siku hizi: fedha zetu chache zinunue lenzi ya pili ya kuvutia mbali, au filta mbili, ya manjano na nyekundu? Mimi nachagua filta, maana mlima ukiwa mbali tunaweza kuusogelea kwa miguu, lakini anga hatuwezi kulibadili kwa kutembea. Filta hizo ni za filamu nyeusi na nyeupe tu. Katika filamu ya rangi, nyekundu itafanya kila kitu chekundu. Wenzangu watakaochagua lenzi wana haki yao. Ila kwanza kila mmoja na aseme ni picha gani anayoiona akilini mwake, ndipo tufungue kibweta.