Mfalme Ezana: hilali, msalaba na ng'ombe 25,140

Wewe unayevuka Katuna au Mirama Hills kila wiki unazijua pesa kwa kuzigusa tu. Lakini lini mara ya mwisho umeitazama sarafu? Chukua shilingi 100 ya Uganda. Ina ng'ombe mwenye pembe ndefu, kama wale wa Ankole unaowaona njiani kuelekea Mbarara. Aliyemweka pale alitaka kukwambia jambo.

Leo nawaletea maisha ya mfalme aliyelijua hilo vizuri sana: Ezana wa Aksum, aliyetawala katika karne ya 4 nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea. Jina lake nililisikia kwanza Nakivale, nilikosomea, kwa jirani yetu mzee kutoka Tigray. Kwake kahawa haikunywewa haraka, na habari za Ezana zilitoka kikombe baada ya kikombe.

Kwa mapokeo ya Kanisa, Ezana aliachiwa ufalme akiwa mtoto. Mama yake alishika madaraka akisaidiwa na Frumentius, kijana wa mji wa Tiro. Huyo alitekwa pwani ya Bahari ya Shamu meli yao iliposhambuliwa, akapelekwa ikulu, na kwa akili yake akapewa kutunza hazina. Yaani mgeni, tena mateka, ndiye aliyemlea mfalme. Baadaye alikwenda Aleksandria, na Askofu Athanasius akamweka wakfu kuwa askofu wa Aksum.

Sasa tazama sarafu. Sarafu za mwanzo za Ezana, za fedha na za dhahabu, zina hilali na duara juu ya kichwa chake. Wapo wanaodhani hilali hiyo ni ya Uislamu. La, Uislamu ulikuja karibu miaka 300 baadaye. Ni alama ya dini ya kale ya Aksum, wakati mfalme alipojiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Kisha, mahali pale pale, kwenye dhahabu yake ukaonekana msalaba. Ezana ni miongoni mwa wafalme wa kwanza duniani kuuweka kwenye pesa. Dhahabu hiyo, yenye maandishi ya Kigiriki, ilikuwa ya kufanyia biashara na wageni; sarafu za dhahabu za Aksum zimefukuliwa hata Yemen na India. Kandando ya uso wake kuna masuke mawili ya nafaka: nchi imeshiba.

Mawe yake yanasema zaidi. Wabeja walipoasi, aliwatuma ndugu zake wawili, Saizana na Hadefa. Wakarudi na machifu 6 na watu wao 4,400, waliotembea miezi 4 hadi Aksum wakilishwa njiani. Mfalme akawahamishia sehemu nyingine ya himaya yake na kuwapa ng'ombe 25,140. Wengi husifu ukarimu huo. Mimi niliyekulia katika makazi ya wakimbizi nasita. Tulipimiwa posho na kuonyeshwa kiwanja, nasi tulishukuru, lakini kuna kupewa na kuna kuchagua. Jiwe limehesabu ng'ombe mmoja mmoja. Halikutaja mtu aliyerudi kwao.

Mwaka 356 hivi, Kaizari Constantius II wa Roma aliwaandikia Ezana na Saizana wamrudishe Frumentius Misri akahojiwe imani yake, maana Athanasius alikuwa amefukuzwa. (Athanasius alipelekwa uhamishoni mara 5 maishani mwake!) Kanisa la Ethiopia hadi leo linamkumbuka Frumentius kwa jina la Abba Salama.

Mjini Mbarara nimeonyeshwa sarafu nzito, pana kama shilingi 100 yetu, muuzaji akiapa ni fedha ya Ezana. Wafanyabiashara, angalieni. Fedha za Ezana ni ndogo, nyepesi na nyembamba. Na hata ukiipata ya kweli, sheria ya Ethiopia inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali, kwa hiyo uliza imetokaje huko kabla hujafungua pochi.