Tom Kilburn

Tom Kilburn (Dewsbury, 11 Agosti 1921 – Manchester, 17 Januari 2001) alikuwa mwanahisabati na mhandisi wa kompyuta kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa kwa mambo mawili. Mwaka 1948 aliandika programu ya kwanza iliyohifadhiwa na kuendeshwa ndani ya kumbukumbu ya kielektroniki ya kompyuta. Baadaye aliongoza kazi iliyoleta kumbukumbu pepe, yaani mbinu inayoiwezesha programu kutumia nafasi kubwa kuliko kumbukumbu ya haraka iliyomo katika mashine.

Maisha ya awali

Kilburn alizaliwa katika mji wa Dewsbury, eneo la Yorkshire. Alisoma hisabati katika Chuo cha Sidney Sussex, Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1942 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya kozi fupi ya elektroniki alipelekwa Malvern, kwenye taasisi ya serikali iliyotengeneza rada. Huko alifanya kazi chini ya mhandisi Frederic Williams. Mwaka 1943 alimwoa Irene Marsden, wakajaliwa watoto wawili.

Kumbukumbu ya kwanza ya kielektroniki

Mwishoni mwa mwaka 1946 Williams aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester, na Kilburn akamfuata. Walitaka kuhifadhi namba kwa kutumia neli ya kioo, kama ile ya skrini ya rada. Kila tarakimu iliwekwa kama doa dogo la chaji ya umeme. Kwa kuwa doa hilo hufifia upesi, ilibidi lisomwe na kuandikwa upya mfululizo. Kufikia mwisho wa mwaka 1947 neli moja iliweza kuhifadhi biti 2,048.

Ili kuijaribu neli hiyo, Kilburn, Williams na Geoff Tootill waliunda kompyuta ndogo iliyopewa jina la "Baby", yaani mtoto mchanga. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 32 tu, kila moja ikiwa na biti 32. Tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu ya Kilburn ya kutafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, mbali na namba hiyo yenyewe. Baada ya dakika 52 ilitoa jibu sahihi: 131,072. Kutokana na mashine hiyo kampuni ya Ferranti iliunda kompyuta ya kuuza, iliyoanza kutumika mwaka 1951.

Atlas na kumbukumbu pepe

Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ya aina mbili: ndogo ya haraka na ya gharama kubwa, pamoja na ngoma ya sumaku iliyokuwa na nafasi kubwa lakini ya polepole mno. Mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe kipi kitoke kwenye ngoma, lini, na kiwekwe wapi. Kazi hiyo ilikula muda wake, na kosa moja lilitosha kuharibu hesabu nzima.

Mwaka 1956 Kilburn alianzisha mradi wa kompyuta ya haraka sana. Ferranti ilijiunga mwaka 1959, na mashine ikaitwa Atlas. Ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Ilikuwa na kumbukumbu ya haraka yenye nafasi 16,384 na ngoma zenye nafasi zipatazo 98,000, lakini mwandishi wa programu aliziona zote kama kitu kimoja. Kumbukumbu iligawanywa katika kurasa za nafasi 512 kila moja. Programu ilipotaja ukurasa ambao haumo katika kumbukumbu ya haraka, mashine iliisimamisha kwa muda, ikauleta ukurasa huo kutoka kwenye ngoma, kisha ikaiacha iendelee. Ili kupata nafasi, ilichunguza matumizi ya kurasa zilizopita na kukisia upi hautahitajika karibuni, ukarudishwa kwenye ngoma.

Nchini Ujerumani, Fritz-Rudolf Güntsch alikuwa ameeleza wazo linalofanana na hilo katika miaka ya 1950. Hata hivyo, ni Atlas iliyoonyesha kwamba linatekelezeka.

Usimamizi wa vifaa

Atlas ilikuwa pia na programu kuu ya usimamizi, iliyoandikwa na kundi lililoongozwa na David Howarth wa Ferranti. Programu za watumiaji hazikuamuru visoma-kanda wala printa moja kwa moja. Kifaa kilipohitaji huduma kilituma ishara, programu kuu ikakihudumia kwa muda mfupi sana, kisha ikarudi kwenye hesabu. Hivyo kompyuta haikukaa bure ikisubiri printa. Kazi hiyohiyo leo hufanywa na kiini cha mfumo endeshi pamoja na viendeshi vya vifaa.

Urithi

Mbinu hiyo ina gharama yake: programu zikidai kurasa nyingi kupita kiasi, kompyuta huzihamisha huku na huku na kazi yenyewe hukwama. Pamoja na hayo ilienea. Nchini Marekani, kampuni ya IBM iliitumia katika miaka ya 1960 kuunda mashine pepe, ambapo kompyuta moja hugawanywa kana kwamba kila mtumiaji ana ya kwake. Leo kumbukumbu pepe imo katika kompyuta za kawaida na simu janja, na watu wanaoandika programu hawahitaji kujua kila data imelala wapi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1964 Kilburn alianzisha huko Manchester idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Uingereza. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alistaafu mwaka 1981. Tarehe 21 Juni 1998, miaka 50 kamili baada ya programu yake ya kwanza, yeye na Tootill waliwasha nakala ya "Baby" iliyojengwa upya. Jengo la sayansi ya kompyuta la chuo hicho lina jina lake.