Salme na Vyombo vya Zidakani

Wanafunzi wetu hapa Ziwa hufahamu vyema kwamba Sayyid Said wa Unguja alitajirika kwa karafuu na pembe za ndovu. Ukiwauliza mali ile iliishia wapi, wengi hunyamaza. Mimi hulijibu swali hilo kwa maisha ya bintiye, Salme.

Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni; mamaye, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka Kaukasi. Mwaka huo huo Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na babaye. Kuta za vyumba alimokulia zilikuwa na zidaka, na humo mlipangwa bilauri na sahani za kauri zenye nakshi. Awali vyombo vya namna hiyo vililetwa pwani yetu kutoka Uchina. Katika karne ya 18 Wajerumani wa Meissen waliipata siri ya kauri, na Wafaransa nao wakagundua udongo wake mweupe karibu na Limoges mnamo 1768. Kasrini, chombo kikipendeza kilinunuliwa kwa bei yoyote. Vilikuwa vya kutazamwa, mithili ya vikombe tunavyovifungia kabatini tukingoja wageni.

Hata hivyo, chombo kilichomfaa Salme kilikuwa mfupa wa bega la ngamia. Wasichana walifunzwa kusoma tu. Yeye akajifunza kuandika kwa siri, akiziiga herufi za Kurani juu ya mfupa huo. Kwa ujuzi huo, mwaka 1859, akawa mwandishi wa njama za kakaye Barghash za kutwaa kiti. Njama zikashindwa.

Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Waliozana Aden mwaka 1867, naye akabatizwa Emily. Mume alifariki mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Binti wa sultani akafundisha Kiarabu apate riziki. Mwaka 1885 alirejea Unguja kudai urithi. Barghash, sasa sultani, alikataa kumwona.

Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake huko Berlin. Zidaka zile zimo, na pia utetezi wake wa utumwa, ambao mwalimu hana haki ya kuuruka: jasho la watumwa mashambani ndilo lililozilipia sahani.

Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.