Daktari Livingstone na Nyumba ya Kwihara

Sisi wa Bahi tunaijua nyumba ya tembe: kuta za udongo, paa bapa la miti iliyofunikwa udongo, na ua ndani. Leo tutazame tembe moja iliyoko Kwihara, karibu na Tabora. Hiyo ni kubwa kuliko za wazee wetu. Ina kuta nene, baraza, na milango iliyochongwa kwa mtindo wa pwani. Waarabu wafanyabiashara walimpa nafasi humo mgeni wao Stanley, naye akamleta Daktari David Livingstone mwezi wa Februari 1872.

Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813. Tangu umri wa miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba, akisoma usiku, hata akawa daktari na mmisionari. Mwaka 1857 alihutubia wanafunzi wa Cambridge, na kutokana na mwito wake ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoleta Injili Unguja na sehemu nyingine za nchi yetu.

Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 kwenda pwani kumtafutia wapagazi. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59. Alikuwa amedhoofika, naye angaliweza kurudi kwao. Lakini siku hiyo aliandika katika daftari lake kwamba anajitoa upya kwa Bwana Yesu.

Akangoja miezi mitano. Njia kuu ya misafara, iliyopita Unyanyembe na Ugogo kwenda Bagamoyo, ilikuwa pia njia ya watumwa. Basi, ndani ya kuta zile za udongo, aliandika barua kwa gazeti moja la Marekani, akiomba baraka za Mungu zimshukie mtu ye yote, wa taifa lo lote, atakayesaidia kuliponya donda hilo. Aliimaliza tarehe 1 Mei 1872.

Wapagazi walifika mwezi wa Agosti, naye akaondoka nao. Tarehe 1 Mei 1873, mwaka mmaja kamili baada ya barua ile, alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Waafrika wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale chini ya mti. Jakobo Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya CMS huko Nasik, India, akasoma ibada ya maziko.

Kisha wakaubeba mwili. Mwezi wa Oktoba walifika tena Kwihara. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, maana njia ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, akazikwa London tarehe 18 Aprili. Maneno ya barua ya Kwihara yamechongwa juu ya kaburi lake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo chake. Yeye hakupata kusikia habari hiyo.

Ndugu, wengi wetu tunaomba na kungoja bila kuona jibu. Tusiache kuomba. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu katika nyumba ya udongo haipotei mbele za Mungu. Nanyi mnaposafiri kwenda Tabora, fikeni Kwihara mkaione nyumba hiyo. Sasa ni makumbusho.